Kidole cha Hume, Kasuku wa Hume

Kwenye barabara ya Royal Mile mjini Edinburgh kuna sanamu ya shaba ya jamaa mmoja aliyekaa kitini, kajitanda shuka kama Mgiriki wa kale, mguu mmoja umetokeza mbele. Mwili mzima umefifia kwa mvua na baridi, isipokuwa kidole gumba cha mguu. Hicho kinang'aa kama dhahabu. Wanafunzi hukisugua wakienda mtihani. Watalii nao wakaiga: wanasimama, wanasugua, wanapiga picha, wanaenda zao. Ati kinaleta bahati.

Jamaa mwenyewe ni David Hume. Alizaliwa mji huohuo 1711, akafia hapohapo 1776, na katikati alitumia maisha yake kuuliza swali moja kwa njia mia: umejuaje? Umejuaje kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile? Umejuaje kwamba muujiza ulitokea? Umejuaje kwamba wewe wa leo ndiye wewe wa jana? Mtu wa maswali hayo ndiye amegeuzwa hirizi. Angekuwepo, nadhani angecheka mpaka kiti kitikisike.

Lakini kuna stori nyingine, na hii haichekeshi. Mwaka wa 2020 watu walimtundikia bango sanamuni, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaliondoa jina lake kwenye jengo refu lililoitwa David Hume Tower. Sasa linaitwa 40 George Square, kama anwani ya posta tu. Sababu ilikuwa tanbihi moja. Maneno machache chini ya ukurasa, yaliyosema watu weusi kwa maumbile yao wako chini ya weupe.

Tangu hapo mjadala umekuwa wa timu mbili. Timu ya kwanza inasema mwache mzee, alikuwa mtu wa zama zake, chukua falsafa uache tanbihi. Timu ya pili inasema tupa vyote, mti mbovu hauzai tunda zuri. Mimi siko timu yoyote. Nimemsoma Hume kwa miaka kadhaa, kwa mapenzi na kwa hasira, na naona hukumu kali kuliko zote dhidi ya tanbihi hiyo iliandikwa na Hume mwenyewe, miaka 14 kabla hajaiandika. Ndio maana nataka umsome.

*

Kwanza mtu. Familia yake ilikuwa na shamba la kadiri huko Ninewells, karibu na mpaka wa Uingereza. Baba alifariki Hume akiwa mdogo sana. Alipelekwa chuo kikuu akiwa mtoto, kama ilivyokuwa desturi, na familia ikataka awe wakili. Sheria ikamshinda. Alikuwa akijifanya anasoma sheria huku anasoma falsafa, stori ambayo nusu ya wasomaji wa jarida hili wanaijua vizuri. Akasoma mpaka akaugua, akili na mwili. Mwaka wa 1734 akajaribu kazi ya ofisini kwa mfanyabiashara mmoja Bristol, bandari iliyonenepa kwa sukari na kwa watumwa. Hakudumu. Akaenda Ufaransa, akapanga chumba La Flèche, mji mdogo ambako René Descartes alikuwa amesomea shule, na huko akaandika sehemu kubwa ya kitabu chake cha kwanza, A Treatise of Human Nature.

Kilianza kutoka 1739, yeye akiwa na umri wa miaka 27. Alitarajia kelele, akapata kimya. Kwa hivyo kijana mwenzangu ambaye umeandika kitu ukakiweka mtandaoni kikapata laiki nne, mbili za ndugu zako: uko kwenye kampuni nzuri.

Kitabu kinasema nini? Tuanze na mawingu. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Hume angekusimamisha hapo. Umeona mawingu, sawa. Umeona mvua, sawa. Je, ile kamba inayoyafunga hayo mawili umeiona? Ina rangi gani? Mfano wake mwenyewe ni wa mipira ya biliadi, na mtu yeyote aliyewahi kupoteza mia mbili kwenye meza ya pool mtaani ataelewa haraka. Mpira mweupe unakuja, unagonga, wa pili unaondoka. Umeona mwendo, umesikia mgongano, umeona mwendo mwingine. Neno "lazima" hukuliona popote mezani.

Lilitoka wapi basi? Kwako. Kila tunachokijua, anasema Hume, huanza kama chapa: kitu kinakugonga kwenye hisi, moto unachoma, chumvi inakolea. Mawazo yetu ni nakala za chapa hizo, hafifu kidogo. Sasa ukiona jambo A likifuatwa na jambo B mara mia, mara ya mia na moja akili yako inaruka yenyewe kutoka A kwenda B kabla hujaiambia. Huo mruko ndio tunaouita sababu. Msingi wake ni mazoea. Na usimwambie "lakini siku zote imekuwa hivyo," kwa sababu ndilo swali lenyewe: nani alikuhakikishia kwamba kesho itafanana na jana? Kuthibitisha mazoea kwa mazoea ni kama mshtakiwa kujiwekea dhamana mwenyewe.

Watu husikia hivyo wakadhani Hume alikuwa mtu wa kukataa kila kitu, wa kukaa kitandani akihofia jua halitachomoza. Hapana. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya Treatise kuna kurasa za ajabu, karibu za maungamo, ambapo anakiri kwamba mawazo yake yamemtia giza na upweke. Dawa anayoipata si hoja. Anatoka, anakula na marafiki, anacheza backgammon, na akirudi mezani hoja zake zinaonekana baridi na za kuchekesha. Maumbile hayatuachi tushuku kila kitu. Tutaamini tu, tupende tusipende. Kazi iliyobaki ni kuamini kwa kipimo: imani iwe kubwa kadiri ushahidi ulivyo mkubwa, isizidi.

Shikilia kanuni hiyo. Tutaihitaji.

*

Kanuni hiyo ndiyo aliyoenda nayo kanisani. Kitabu chake cha 1748 kuhusu ufahamu wa binadamu kina sura ya kumi inayozungumzia miujiza, na sijui sura fupi nyingine ya falsafa inayomfaa Mkenya wa leo kuliko hiyo. Hasemi miujiza haiwezekani, kama wengi wanavyomsingizia. Anasema: mtu akikuambia maiti imefufuka, weka mizani. Upande huu weka uzoefu wote wa wanadamu kuhusu maiti. Upande ule weka huyo shahidi. Kisha jiulize lipi lingekuwa ajabu zaidi, kwamba maiti imefufuka au kwamba shahidi amekosea, amedanganywa, au anadanganya. Halafu mchunguze shahidi: ni wangapi, wana elimu gani, wanapata nini watu wakiamini, wangepoteza nini wakishikwa uongo.

Nimeisoma sura hiyo tena baada ya Shakahola, ambako tangu 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Sitaki kugeuza makaburi yale kuwa mfano wa darasani. Nasema tu kwamba "umejuaje?" si swali la anasa la wazungu waliovaa wigi. Kuna mahali ambapo mtu kukosa kuliuliza, au kukatazwa kuliuliza, kumekula watoto.

Kisha kuna Dialogues Concerning Natural Religion, kitabu alichokificha miaka mingi mpaka akafa. Rafiki yake Adam Smith alisita kukisimamia, ikabidi mpwa wake akitoe 1779. Ni mazungumzo ya watu watatu kuhusu Mungu, na shabaha yake ni hoja ambayo sisi tumeifupisha kwa maneno matatu: ukiona vyaelea, vimeundwa. Dunia inaelea, basi kuna aliyeiunda. Mmoja wa wazungumzaji, Philo, anajibu kwa mfano wa merikebu, kana kwamba aliisikia methali yetu. Ukiona merikebu nzuri utamsifu fundi. Lakini je, ukigundua fundi huyo ni mtu wa kawaida tu, anayeiga kazi ya waliomtangulia, kazi iliyorekebishwa vizazi na vizazi kwa kuharibu na kujaribu tena? Na merikebu huundwa na mafundi wengi, kwa nini dunia iwe na mmoja? Umejuaje hii si kazi ya kwanza ya fundi mwanafunzi, aliyeona aibu akaiacha? Umejuaje fundi bado yuko hai?

Methali haijashindwa hapo, nadhani. Bado vyaelea, na bado tunastaajabu. Kilichoshindwa ni ile haraka ya kutoka "vimeundwa" hadi "na aliyeviunda ni yule ninayemhubiri mimi, na anataka sadaka yako." Kwa maswali kama haya Hume alinyimwa uprofesa mara mbili, Edinburgh 1745 na Glasgow 1752. Mwanafalsafa mkubwa zaidi Scotland iliyowahi kumzaa hakuwahi kufundisha chuo kikuu hata siku moja.

*

Kuhusu nafsi, jaribu jambo hili usiku taa zikizimwa. Jitafute. Si jina, si namba ya kitambulisho: wewe mwenyewe, yule anayesemekana kukaa ndani akiendesha. Hume alijaribu, na kila alipoingia ndani alikuta tu joto au baridi, pendo au chuki, kumbukumbu, njaa. Mwenye nyumba hakumkuta. Akasema basi nafsi ni mkusanyiko tu wa hayo yanayopita. Mimi huiona kama tita la kuni: ukifungua, utapata kuni nyingi, lakini hakuna ukuni unaoitwa tita.

Ninachompendea ni kwamba baadaye, katika kiambatisho cha kitabu hichohicho, alirudi akakiri kwamba hesabu haikutoshea. Kama kuna kuni tu, ni nini kinachozifunga? Hakuiona kamba, na alisema waziwazi hajui. Ni waandishi wangapi wanaorudi kwenye kitabu chao wenyewe kusema hapa nilikwama? Mwanamume huyu alijua kusahihisha. Shikilia hilo pia.

Na maadili? Hapa alifanya kitu ambacho mpaka leo kinakera watu wa dini na watu wa sayansi kwa pamoja. Akili, alisema, haikupi wema. Akili inajua hesabu na njia, lakini haijui kupenda wala kuchukia. Alitoa mfano wa mtu anayechagua dunia yote iangamie kuliko kidole chake kikwaruzwe, akasema kosa la mtu huyo si la hesabu. Kosa liko kwenye moyo. Kinachotuzuia kuwa watu wa aina hiyo ni kwamba hisia zinaambukizana: ukicheka nacheka, ukilia koo langu linakaza. Tunatetemeka pamoja kama nyuzi za ala moja.

Neno alilochagua kueleza kazi ya akili mbele ya hisia ni "mtumwa". Nimelipita neno hilo mara nyingi kama sitiari tu. Siku hizi najikwaa. Mtu aliyewahi kuhesabu hesabu za mfanyabiashara wa Bristol, miaka mitano baadaye anaandika "mtumwa" kwa wepesi ule. Sisemi hoja inaanguka. Nasema neno lina uzito ambao mwandishi hakuubeba.

Halafu kuna aya moja mashuhuri, fupi, karibu imefichwa, ambapo anasema waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha bila kumwonya msomaji wanahamia mambo yanavyopaswa kuwa. Wanaruka mto bila kuonyesha daraja. Ukishaiona aya hiyo huwezi kuacha kuiona. Wanaume ndivyo walivyo, kwa hivyo vumilia. Siasa ya Kenya ndivyo ilivyo, kwa hivyo chukua pesa uende. Wazee wetu ndivyo walivyofanya, kwa hivyo msichana huyu aolewe. Kila mara, daraja liko wapi?

*

Sasa tanbihi.

Insha inaitwa "Of National Characters", ya 1748. Insha yenyewe ni nzuri, na hoja yake kuu ni kwamba tabia za mataifa hazitokani na hewa wala jua, bali na serikali, malezi, kuishi pamoja na kuigana. Yaani insha inapinga maumbile kuwa maelezo. Kisha, katika toleo la 1753, Hume akaongeza tanbihi ambayo inarudisha maumbile kwa mlango wa nyuma, kwa watu wengine tu. Anashuku, anasema, kwamba weusi na kwa jumla aina nyingine zote za watu kwa asili yao wako chini ya weupe. Hajaona kwao viwanda vya ustadi, wala sanaa, wala elimu. Na kuhusu Mjamaika mmoja anayesifiwa kwa usomi, anasema yaelekea anasifiwa kwa vijambo vidogo, kama kasuku anayetamka maneno machache vizuri.

Nilikutana na sentensi hiyo mwaka wa pili chuoni, peke yangu. Mhadhiri alikuwa ameiruka. Nilikuwa nimejaza nusu ya daftari kwa Hume, nikimsifu, na ni hapo tu nilipogundua kwamba daftari lenyewe lilikuwa la Kasuku, lile lenye picha ya ndege kwenye jalada. Nilijihisi kama mgeni aliyealikwa chakula, akala, akashukuru, kisha akiwa anavaa viatu mlangoni akasikia anavyosemwa jikoni.

Hasira ilipopoa nilifanya kile ambacho mwenyeji alinifundisha. Niliuliza: umejuaje?

Weka mizani ya sura ya kumi. Dai ni kubwa kupita kiasi: mabara mazima, zama zote. Mashahidi ni nani? Ni mabaharia, wafanyabiashara wa watu na wenye mashamba ya miwa. Wanapata nini watu wakiamini? Kila kitu. Wangepoteza nini ukweli ukijulikana? Kila kitu. Hume angemfukuza mahakamani shahidi wa aina hiyo kama angekuja kusimulia muujiza. Kwa weusi alimkaribisha chai.

Tena kuna ushahidi mbaya zaidi, na uko ndani ya Treatise ya 1739. Kuna sehemu ambapo Hume anaeleza chuki za kijumla zinavyozaliwa: tunajitengenezea kanuni kwa haraka, tunaishikilia hata macho yakiona kinyume. Mfano anaotoa ni wa watu wanaodai Mwairishi hawezi kuwa na ucheshi wa akili wala Mfaransa hawezi kuwa mtu mzito. Ukiwaletea Mwairishi mcheshi, watasema bado ni mjinga. Huo ndio ugonjwa, anasema, na anaueleza kama daktari. Miaka 14 baadaye analetewa Mjamaika msomi, na anasema ni kasuku. Daktari alikufa kwa ugonjwa alioandika kitabu juu yake.

Na Mjamaika alikuwa na jina, Francis Williams. Aliandika mashairi kwa Kilatini, aliendesha shule Spanish Town. Picha yake iko kwenye jumba la makumbusho la V&A mjini London: mtu mweusi aliyevaa wigi, amesimama katikati ya vitabu vyake, dirisha wazi nyuma yake. Kwa muda mrefu wapo walioisoma kama kejeli. Mwaka wa 2024 mwanahistoria Fara Dabhoiwala alichapisha utafiti akionyesha kwamba kitabu kilichofunguliwa mbele ya Williams ni Principia ya Isaac Newton, kwenye hesabu za njia ya kimondo, na kwamba dirishani kuna kimondo cha Halley kilichorudi 1759. Fikiria hapo kidogo. Hume aliandika kwenye jalada la Treatise kwamba anajaribu kuleta mbinu ya majaribio kwenye mambo ya binadamu. Alitaka kuwa Newton wa akili. Na aliyemwita kasuku alisimama akachorwa akiwa na Newton mwenyewe mkononi.

Huyo alikuwa Jamaika, mbali. Wa karibu je? Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto. Mwaka wa 1734, Hume akihangaika Bristol, Amo alitetea tasnifu yake Wittenberg, akimkosoa Descartes, juu ya swali la kama akili inaweza kuhisi au kuhisi ni kazi ya mwili. Alifundisha falsafa Halle na Jena. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1738, mwaka mmoja kabla ya Treatise. Tanbihi ilipoandikwa, mtu mweusi alikuwa ameshajibu maswali yaleyale ya Hume, kwa Kilatini ambacho Hume alikisoma vizuri.

Tusiambiwe basi kwamba zama zake zote zilifikiri hivyo. Mwaka wa 1770 James Beattie, profesa wa Aberdeen ambaye Hume alimdharau kama mwanafalsafa, alimjibu hadharani. Hoja zake ni rahisi: huwezi kusema hakuna hata mmoja bila kuwajua wote, na mtu angeitazama Uingereza miaka elfu mbili nyuma angesema hayohayo juu ya Waingereza. Beattie hakuwa na robo ya akili ya Hume. Aliona tu kilichokuwa wazi.

Na Hume alisahihisha! Hapo ndipo moyo wangu hukata tamaa. Mtu yule aliyerudi kusema hajui kamba ya nafsi, aliyepangua sentensi zake mpaka siku za mwisho za ugonjwa, aliirudia tanbihi. Toleo la 1777, lililotoka baada ya kifo chake, halitaji tena aina nyingine za watu. Limebakiza weusi peke yao. Kwa hivyo haikuwa kuteleza kwa kalamu. Aliipima upya, akapunguza, akatuacha sisi ndani. Kuna na barua ya 1766, iliyochapishwa mara ya kwanza 2014, inayomwonyesha akimsaidia bosi wake wa zamani, Lord Hertford, katika mpango wa mashamba ya watumwa huko Grenada. Huyuhuyu alikuwa ameshaandika insha ikilaani ukatili wa utumwa wa Warumi. Utumwa wa mbali kwa miaka aliuona. Uliokuwa unalipa rafiki zake haukumfikia.

*

Je, sumu iko kwenye falsafa au kwenye mtu? Jibu langu ni la katikati, na silipendi. Falsafa haidai tanbihi. Inaikataa kwa kila kipimo chake. Lakini ina shimo mahali fulani, na tanbihi ilipitia hapo. Kama maarifa yote ni chapa na mazoea, basi yanategemea ulikokaa. Ukikaa Edinburgh, gazeti likileta bei ya sukari na mabaharia wakileta hadithi, mazoea yako yatakuwa ya bei na hadithi. Hume anakupa mizani bora ya kupima ushahidi uliofika mezani. Hakupi chochote cha kukuinua kitini ukatafute ambao haujafika. Alijua vilevile kwamba hisia huambukiana kwa urahisi zaidi kati ya wanaofanana na walio karibu, akasema tujisahihishe kwa kutazama kutoka mahali pa wote. Alielekeza mahali hapo. Hakwenda.

Aliyekwenda ni mwingine. Miaka ya 1970 Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa amechoka na madai kwamba Waafrika wana hekima ya kabila lakini hawana mtu binafsi anayehoji. Immanuel Kant alikuwa ameshaidaka tanbihi ya Hume mapema, 1764, akaijengea ghorofa, na tangu hapo dai likazunguka vyuo bila mtu kuliuliza swali. Oruka hakujibu kwa nadharia tu. Alienda vijijini kuwahoji wazee, akarekodi, akawatenganisha wanaorudia yaliyosemwa na wanaoyahoji. Mmoja wao alikuwa baba yake mwenyewe. Kitabu cha Sage Philosophy kilitoka 1990. Unaweza kubishana na mbinu zake, na wengi wamebishana. Lakini kwa maana ya Hume mwenyewe, hilo ni jaribio. Mtu wa Nairobi alifanya utafiti ambao mwana-majaribio wa Edinburgh hakujisumbua kuufanya.

Kwa hivyo usisugue kidole, na usiridhike na jengo kubadilishwa jina, ingawa mimi ningepigia kura jina libadilishwe. Msome. Anza na sura ya kumi ya kitabu cha 1748, kisha nenda moja kwa moja kwenye tanbihi, kwa mpangilio huo, ili uione sheria kabla ya kumwona mwanasheria akiivunja. Ukimaliza, kabla hujamcheka, jipekue. Kila Mkenya ana sentensi moja mfukoni kuhusu watu wa kabila fulani, jinsi walivyo na pesa, au na wanawake, au na ukweli. Huisemi ofisini. Unaisema nyumbani, kwa sauti ya chini, kama tanbihi. Unaijua yako na unajua ni ya akina nani.

Umejuaje?